Wafini hawacheki ovyo, basi furaha yao iko wapi?

Kila ifikapo Machi habari ni ileile: Ufini imetajwa tena kuwa nchi yenye furaha kuliko zote duniani. Iliishika nafasi hiyo mwaka 2018, na Ripoti ya Furaha Duniani ya 2025 ilikuwa ya nane mfululizo kuiweka juu. Maswali nayo huwa yaleyale. Watu waliowahi kufika huko, wengine kwa ziara za kwaya, wengine kwa kubadilishana wanafunzi au kwa udugu wa miji kama ule wa Mwanza na Tampere, hurudi wakiuliza: mbona hiyo furaha hatukuiona? Basi limejaa watu na hakuna anayezungumza. Jirani anakupita kwenye ngazi bila hata "habari". Desemba jua la Helsinki linazama saa tisa alasiri. Hao ndio wanaotushinda furaha sisi tunaotaniana mpaka msibani?

Ni maswali ya haki. Mimi mwenyewe niliyauliza safari yangu ya kwanza, tulipokaa wiki mbili kwa familia za wenyeji tukiwa kundi la watu kumi na wanne. Leo naamini tulikuwa tunatafuta kitu kisichokuwapo huku tukikiruka kilichopo. Nianze na lile neno lililotukoroga, furaha.

Ngazi ya vipandio kumi

Wanaoandaa ile ripoti hawamwulizi mtu kama ana furaha. Taasisi ya Gallup huhoji watu wapatao 1,000 katika kila nchi kwa mwaka, na swali lenyewe liko hivi: fikiria ngazi. Chini kabisa, kwenye sifuri, kuna maisha mabaya kuliko yote unayoweza kuyaishi. Juu kabisa, kwenye kumi, kuna maisha bora kuliko yote. Kwa sasa unajiona umesimama kipandio gani? Jibu ni namba tu. Majibu ya miaka mitatu hukusanywa, wastani ukapigwa, nchi zikapangwa. Mwaka 2025 Wafini walijiweka kwenye 7.7.

Wengi husikia kwamba ripoti hiyo inapima kipato, afya, rushwa na ukarimu, kisha wanadhani kuna wataalamu wameketi ofisini wakiipa kila nchi maksi. Mambo hayo hutumika baadaye, kueleza kwa nini watu wa nchi fulani wamejiweka juu na wa nchi nyingine chini. Alama yenyewe anaitoa mwananchi.

Sasa mtu aliye kwenye kipandio cha nane halazimiki kucheka. Chukua mzee aliyemaliza kusomesha watoto, ana paa lisilovuja, hadaiwi na mtu. Anaweza kukaa barazani kutwa nzima kimya, na ukimwuliza habari za maisha akakwambia "tunamshukuru Mungu". Chukua na kijana aliye harusini, anacheza mduara mpaka alfajiri, na kodi ya chumba anadaiwa miezi mitatu. Nani ana furaha? Kwa Kiswahili chetu cha kila siku ni huyu kijana. Kwa ile ngazi ni mzee. Habari ingeandikwa "nchi ambayo watu wake wameridhika zaidi na maisha yao", nusu ya ubishi wa kila Machi ungekufa hapo hapo.

Gallup hao hao wana swali jingine kabisa: jana ulicheka au kutabasamu? Ulipumzika vizuri? Kwenye maswali hayo wanaoongoza mara nyingi ni watu wa Amerika ya Kusini na ya Kati, kama Paraguai. Kwa hiyo aliyefika Ufini akasema hakuona vicheko vingi hakukosea macho. Alipewa jina la kitu kimoja akaenda kutafuta kingine.

Raha na rauha

Kifini kina neno *raha*, tena linatamkwa karibu sawa na letu. Maana yake ni pesa. Neno linalobeba kile wanachokithamini zaidi ni *rauha*, yaani amani, na wana namna ya kusema *omassa rauhassa*: katika amani yako mwenyewe. Mtu aachwe anywe kahawa yake, asome kitabu chake, amalize huzuni yake bila kusumbuliwa. Ukilishika neno hilo, mengi yanayomchanganya mgeni yanaanza kufunguka, kuanzia na ule ukimya wa kwenye basi.

Sisi tunajua hodi. Hata mlango ukiwa wazi, hata ukimwona mwenyeji anakoroga uji, unasimama nje unabisha, unangoja "karibu". Kuingia bila hodi ni kumvunjia mtu heshima kwenye ua wake. Mfini anauchukua huo ua kokote aendako. Akiwa kituoni, akiwa kwenye lifti, akiwa kwenye kiti cha dirishani, ua wake uko naye, na kumsemesha bila sababu ni kama kuingia bila hodi. Ndiyo maana kituo cha basi utakuta watu wamesimama mbalimbali hata kama mvua inanyesha. Kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi. Anayekunyamazia, kwa hesabu zake, amekuheshimu.

Cha kushangaza ni kwamba salamu yao ni pacha wa salamu yetu. *Mitä kuuluu?* ukilifasiri neno kwa neno ni "kunasikika nini?", yaani habari gani? Tofauti iko kwenye matumizi. Kwetu habari ni daraja: habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na jibu ni nzuri hata kama paa limeezuliwa na upepo, yenyewe yatakuja baadaye, mkishakaa. Mfini hamwulizi asiyemjua. Akikuuliza wewe, anataka jibu, na ukimwambia umelala vibaya kwa sababu jua halikuzama, atakaa akusikilize mpaka mwisho. Wapita njia wanaofahamiana wanamalizana kwa *moi* tu.

Shikamoo haipo. Mtoto wa miaka minane anamwita mwalimu wake kwa jina la kwanza, na daktari, na mchungaji. Mzee wa kundi letu jambo hilo lilimwuma: mjukuu wa mwenyeji alikuwa anamwita kwa jina alilopewa na bibi yake, jina ambalo nyumbani kwake hata mkewe halitumii. Hakukuwa na dharau. Umri katika nchi ile hautangazwi kwa maneno. Lakini mtoto huyohuyo, mzee akianza kusimulia, alinyamaza mpaka mzee akamaliza, na hakumkata hata mara moja. Heshima ilikuwapo, imekaa kwenye masikio.

Lugha yenyewe inastahili neno moja zaidi, kwa sababu Mswahili anaiogopa bure. Haina uhusiano na Kiswidi wala Kirusi. Ndugu yake wa karibu ni Kiestonia. Inasomwa kama ilivyoandikwa. Haina yeye wa kiume na yeye wa kike: *hän* ni yeye, basi, kama kwetu. Tena inajenga maneno kwa kuunganisha vipande. *Talo* ni nyumba, *talossa* ni ndani ya nyumba, *talossani* ni ndani ya nyumba yangu, *talossanikin* ni hata ndani ya nyumba yangu. Aliyezoea kusema "hatutawaambia" kwa neno moja hawezi kutishwa na hilo. Na upande wa pili kuna Wafini waliokipenda Kiswahili kweli: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijenga mifumo ya kompyuta ya kuchambua Kiswahili wakati wengi hawakufikiria kwamba lugha zetu zina nafasi humo, na hifadhi ya matini za Kiswahili ya Helsinki hutumiwa na watafiti wa lugha yetu hadi leo. Hata Martti Ahtisaari, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2008, aliishi Dar es Salaam akiwa balozi kati ya 1973 na 1977. Hatukuanza kujuana jana.

Ukikaribishwa nyumbani

Mtu wa Pwani hapa hatapata shida na jambo la kwanza: viatu vinavuliwa mlangoni. Chukua soksi zisizo na matundu. La pili ni muda. Ukiambiwa saa kumi na moja jioni, ni saa kumi na moja, na kwao huo ndio wakati wa chakula cha jioni. Cha mchana huliwa mapema hata kuliko tunavyodhani. Shuleni watoto wengine wako mezani saa tano kasorobo asubuhi. Kupita tu kwa rafiki bila taarifa, jambo ambalo kwetu ni upendo, kwao ni adimu.

Linalowaumiza wageni wengi ni la mezani. Sisi tumefundishwa kukataa kwanza. Unakaribishwa, unasema nimeshiba, unabembelezwa, unasema kidogo tu, ndipo unakula. Mwenyeji wa Kifini atasema mara moja, "chukua". Ukikataa, atakuamini. Hatakubembeleza, kwa sababu kwake kukubembeleza ni kukwambia kwamba hukusema kweli. Wawili katika kundi letu walilala na njaa siku ya kwanza mbele ya sufuria lililojaa supu ya samaki, wakasema mwenyeji ni mchoyo. Mwenyeji naye aliniuliza kesho yake, kwa wasiwasi wa kweli, kama chakula chake kilikuwa kibaya. Basi ukikaribishwa, kula. Jipakulie mwenyewe, kiasi utakachomaliza, kwa sababu kubakiza sahanini kunawasikitisha. Ukimaliza sema *kiitos*, asante. Usilitafute neno la tafadhali. Kifini hakina neno moja la namna hiyo, na adabu hubebwa na sauti, namna ya kitenzi na hiyo *kiitos*. Kwa hiyo "nipe chumvi" ya mwenyeji wako haina ukali wowote.

Kahawa ni habari nyingine. Wafini ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa kahawa duniani, karibu kilo 10 kwa mtu kwa mwaka, na mapumziko ya kahawa yameandikwa kwenye mikataba ya kazi. Ni kahawa iliyokaangwa kidogo, nyepesi, ya rangi ya chai nzito, kwa hiyo aliyezoea kahawa chungu ya kijiweni ataiona kama maji. Mezani kutakuwa na *pulla*, mkate mtamu wenye iliki. Ndiyo, iliki ileile ya maandazi yetu na ya chai ya Tanga. Binamu yake aliyeviringishwa na mdalasini anaitwa *korvapuusti*, maana yake kofi la sikioni. Dada mmoja wa Zanzibar aliyekuwa nasi alipoinusa ile pulla alinyamaza kidogo, kisha akasema hapa ndipo alipoanza kupumua. Baridi yote ile, msitu wote ule, na harufu ni ya jikoni kwa mama.

Sauna, na lile la kuvua nguo

Nchi ina watu milioni 5.6 na inakadiriwa kuwa na sauna zipatazo milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza utamaduni wa sauna wa Ufini kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Tampere kuna sauna ya umma ya Rajaportti iliyofunguliwa 1906 na bado inawashwa. Tamka neno lenyewe kama lilivyoandikwa, wenyeji watafurahi.

Ni chumba kidogo cha mbao chenye jiko lililojaa mawe. Mawe yakishawaka, mtu anayamwagia maji kwa upawa, na ule mvuke unaopanda ndio unaoitwa *löyly*. Joto huwa kati ya nyuzi 70 na 100. Mnakaa kwenye vichanja, mnatoka jasho, mnatoka nje kupoa au kuingia ziwani, mnarudi. Kuna wanaojichapa taratibu kwa kitita cha matawi ya mti wa *koivu* yenye majani mabichi. Aliyewahi kujifunika blanketi juu ya chungu cha majani ya mwarobaini na mchaichai anaijua nusu ya jambo hili. Tofauti ni kwamba nyungu yetu ni dawa, unajifukiza kwa sababu unaumwa. Sauna ni ya wazima, na kila wiki.

Swali linaloulizwa kwa kunong'ona ni la uchi. Ndiyo, Wafini huingia bila nguo. Familia huweza kuingia pamoja. Watu wasio ndugu kwa kawaida huingia wanaume kwa zamu yao na wanawake kwa yao. Hakuna mambo ya mapenzi humo. Wana msemo kwamba saunani mtu anakuwa kama kanisani, na si mzaha: zamani wanawake walijifungulia humo kwa sababu ndipo palipokuwa na joto, maji ya moto na usafi, na maiti zilioshewa humo. Anayeleta utani wa kitandani pale anajiaibisha mbele ya watu kama anayecheka wakati wa dua.

Je, ni lazima? Hapana. Mgeni anaruhusiwa kukataa, kuingia peke yake, au kujifunga taulo au khanga kwenye sauna ya nyumbani, na hakuna atakayekasirika akiambiwa mapema. Waislamu wa kundi letu waliomba zamu yao, wakapewa funguo. Kwenye mabwawa ya umma kanuni ni nyingine: suti ya kuogelea hairuhusiwi ndani ya sauna, kwa sababu ya usafi, hivyo asiyetaka kuvua asiingie. Wala si mashindano ya kuvumilia moto. Kaa kichanja cha chini, kunywa maji, ukichoka toka. Mwenye presha au mja mzito aulize daktari kabla ya safari.

Nami naomba tuiangalie vizuri sauna kabla ya kuicheka. Ndani ya chumba kile hakuna cheo kinachovaliwa. Mwaka 1960 Rais Kekkonen aliingia saunani na Khrushchev, mkuu wa Umoja wa Kisovyeti, dola iliyokuwa imepigana na Ufini hadi 1944. Na ni humo, gizani, mwenyeji wangu ambaye kwa siku nne alikuwa ananijibu kwa neno moja moja, alinieleza habari za baba yake kwa saa nzima. Ua ulikuwa umefunguliwa, na aliyesema karibu ni yeye.

Kwa nini tajiri anateka maji

Kama kuna jambo lililolikoroga kundi letu kuliko yote, ni *mökki*. Ni kibanda cha mbao kando ya ziwa, na viko zaidi ya 500,000 nchini. Julai miji inapungua watu kwa sababu familia zimekwenda huko. Tuliambiwa tunapelekwa kwenye nyumba ya mapumziko, tukajiandaa kwa hoteli. Tukakuta choo cha shimo nyuma ya miti, maji ya ndoo kutoka ziwani, kuni za kupasua na mbu. Mama mmoja kutoka Sengerema alisimama na begi lake la magurudumu kwenye nyasi akauliza kama hii ndiyo Ulaya.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Vibanda vingi vya namna hii havina bomba kwa makusudi, na baadhi havina umeme. Mwenyeji mwenye gari jipya na nyumba inayopashwa joto mjini anaacha vyote aje kubeba ndoo. Jibu liko kwenye historia ambayo picha za Helsinki hazioneshi. Ufini ilikuwa maskini. Njaa ya 1866 hadi 1868 iliua watu karibu asilimia 8 ya taifa zima. Ilitawaliwa na Uswidi mpaka 1809, kisha ikawa chini ya Urusi mpaka ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917, na wengi wa wananchi wake walikuwa wakulima wa vijijini mpaka baada ya Vita vya Pili. Babu wa mwenyeji wako huenda alizaliwa kwenye nyumba kama hiyo hiyo. Ukitaka kuelewa mökki, ukumbuke Wachagga wanavyopanda mabasi Desemba kurudi Kilimanjaro, au Mkenya anavyosema anakwenda ushago. Ni kurudi mahali ambapo mwili unakumbuka kazi.

Nasi tuna methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko shoka linatolewa saa ya kwanza, na ni dalili kwamba umeshahesabiwa wa nyumbani. Mwingine anapewa kikapu cha kuchumia *mustikka*, matunda madogo ya buluu ya msituni. Msitu wa nani? Wa mtu mwingine kabisa. Kuna haki ya kila mtu, *jokamiehenoikeus*, inayomruhusu yeyote, hata mgeni, kutembea, kuchuma matunda na uyoga wa porini na kulala hema usiku mmoja katika ardhi ya mtu bila kuomba, mradi asisogelee nyumba za watu, asikate miti, asiwashe moto bila idhini na asiache taka. Kwetu mzee wa kijiji angesema hayo ni maneno ya hatari. Yanawezekana pale ambapo mwenye msitu anaamini hutauharibu nawe unaamini hatakufukuza na mbwa.

Hata hivyo yule mama wa Sengerema alisema neno ambalo sijalisahau. Alisema kuteka maji ni kuzuri ukijua bomba linakungoja nyumbani.

Wanaposimama wakijibu lile swali

Hapo ndipo kipandio cha nane kilipo. Mfini anayeulizwa kuhusu ngazi hafikirii kama amecheka leo. Anafikiri, bila hata kujua kwamba anafikiri, juu ya vitu vilivyo chini ya miguu yake. Mtoto akizaliwa, serikali humpa mama sanduku lenye nguo, shuka na vifaa vya mtoto. Lilianza 1938 kwa wenye kipato kidogo na tangu 1949 ni la mama yeyote anayehudhuria kliniki. Shuleni watoto wote wanakula bure tangu 1948, kwa sheria iliyopitishwa 1943, wakati nchi iko vitani na haina kitu. Ada za matibabu ya umma zina ukomo kwa mwaka, kwa hiyo ugonjwa haumfanyi mtu auze kiwanja au aundiwe kundi la michango kwenye simu. Kodi ni kubwa na wanailalamikia kama watu wengine. Lakini kila Novemba taarifa za vipato vinavyotozwa kodi huwa wazi, na yeyote anaweza kujua tajiri wa mtaani alilipa nini.

Mwaka 2013 jarida la Reader's Digest liliangusha pochi 12 katika kila mji kati ya miji 16 duniani ili kuona ngapi zitarudi. Helsinki zilirudi 11. Watoto wa miaka saba hutembea wenyewe kwenda shule. Vijijini utakuta baiskeli imeegemezwa ukutani bila kufuli. Wanayo na kazi ya pamoja isiyolipwa, *talkoot*: majirani wanakutana Jumamosi kusafisha ua wa jengo au kumwezekea mtu paa, kisha wanakula soseji. Mpare angeita msaragambo, Mnyarwanda umuganda. Huko watu wanaonyamaza kwenye lifti wanaongea.

Kuna uvumi mwingine unaosambaa nchini kwetu na sio kweli, kwamba shule za Ufini hazina kazi za nyumbani wala mitihani. Kazi za nyumbani zipo, na mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ya juu una historia ya tangu 1852.

Upande mzito usifichwe, hasa kwa wanaojiandaa kusafiri. Utafiti wa shirika la haki za msingi la Umoja wa Ulaya uliotolewa 2018 uliwauliza watu weusi katika nchi 12 kama wamewahi kunyanyaswa kwa rangi yao ndani ya miaka mitano. Ufini iliongoza: asilimia 63 walisema ndiyo. Kiongozi wa kundi awaeleze watu wake tofauti hii kabla hawajapanda ndege. Ukimya wa kwenye basi ni wa wote, hata Mfini mwenzao anaupata. Tusi la rangi si utamaduni wa kuvumiliwa. Liripotiwe kwa mwenyeji na kwa polisi. Upweke nao upo, hasa kwa wazee na wakati wa giza, na mwaka 1990 nchi hiyo ilikuwa na vifo vya kujiua vipatavyo 30 katika kila watu 100,000. Walikubali kulizungumza hadharani, wakaendesha mpango wa kitaifa wa miaka kumi kuanzia 1986, na leo kiwango kiko chini ya nusu ya kile. Hilo nalo ni sehemu ya ile namba 7.7, watu walioona doa wakalishughulikia badala ya kulifunika.

Ukipata nafasi ya kwenda, na umekwisha kukaa, umekula bila kubembelezwa, umeoga mvuke, itafika jioni ambayo unataka kuaga na hujui uanzie wapi, maana hakuna anayekutazama kama unaondoka. Wana neno la hapo. *No niin.* Linatumika kuanza kazi, kumaliza kazi, kukubali, kuonya, kupumua. Ukiwa umekua na "haya" ya Kiswahili hutahitaji mwalimu. Jipige mapaja kwa viganja vyote viwili, sema *no niin*, kisha inuka. Mwenyeji ataitikia *no niin*, akusindikize mpaka mlangoni, asimame kimya wakati unavaa viatu.